Sura ya Tano: Kuua wa Kwetu

Seli T muuaji haijawahi kuua kirusi hata kimoja. Tumezoea kusimuliwa habari za kinga ya mwili kama hadithi ya vita, chembe nyeupe upande huu na adui upande ule, kwa hiyo jambo hili hutupita. Adui anapoelea kwenye damu hukabiliwa na kingamwili na seli walaji. Muuaji anashughulika na kitu kingine kabisa: anaua seli zetu wenyewe. Ni seli ya ini, ya koo au ya pafu, iliyozaliwa humu humu mwilini na yenye jeni zilezile alizo nazo yeye, ila sasa kirusi kimeingia ndani na kuigeuza karakana yake. Au ni seli ambayo jeni zake zimeharibika na imeanza kujigawa bila kusikia la mtu.

Kirusi kikishaingia ndani hakionekani tena kutoka nje. Kingamwili hazipenyi utando wa seli hai, na seli iliyovamiwa kwa siku ya kwanza au ya pili hufanana na jirani zake kwa kila kitu. Mwili basi unakabiliwa na mambo mawili. Kwanza, ujue ni seli ipi kati ya matrilioni imeingiliwa. Pili, uiue hiyo peke yake, ilhali imebanana na nyingine nzima ukuta kwa ukuta. Watu hupenda kusimulia hilo la pili kwa kuwa lina picha nzuri, nami nitafika huko. Lakini kwa maoni yangu kuua ndiyo sehemu nyepesi. Kila seli huzaliwa na vifaa vya kujiua, ikisubiri kuamriwa tu. Kazi ni kujua nani aamriwe.

Uswahilini, ukitaka kujua jirani amepika nini jana huna haja ya kuingia jikoni kwake. Tazama jaa lake: maganda ya mihogo, mifupa ya changu, machicha ya nazi. Kila seli ya mwili yenye kiini hutupa taka zake mahali pa kuonekana namna hiyo. Protini ndani ya seli hazidumu. Zikichakaa, au zikitengenezwa vibaya, hutumbukizwa kwenye mtambo wa molekuli uitwao protiasomu na kukatwakatwa. Vipande vingi hutumika upya. Vichache, vyenye urefu wa asidi amino 8 hadi 10, hubanwa kwenye mfereji wa molekuli iitwayo HLA na kupelekwa juu ya utando vikatazame nje. Seli moja inaweza kuwa na makumi ya maelfu ya molekuli hizo, na karibu vyote vinavyoonyeshwa ni mabaki ya shughuli za kila siku. Siku kirusi cha mafua kinapoanza kutengeneza protini zake humo ndani, baadhi yake nazo hukatwa na kutolewa nje pamoja na nyingine. Muuaji anayepita akikagua anahitaji vipande vichache tu, pengine chini ya kumi, ili asimame.

Hayo tunayajua kwa sababu mwaka 1973 nafasi za maabara zilikuwa finyu huko Canberra, Australia. Rolf Zinkernagel, daktari kijana kutoka Uswisi, alifika katika John Curtin School of Medical Research akatiwa chumba kimoja na Peter Doherty, daktari wa mifugo mzaliwa wa Queensland. Doherty alikuwa akichunguza panya walioambukizwa kirusi kiitwacho LCMV, kinachowaletea uvimbe wa utando wa ubongo, na mikono yake ilikuwa imezoea kuchota maji ya uti wa mgongo ya mnyama mdogo kiasi hicho. Zinkernagel alikuwa na ujuzi wa kupima mauaji ya seli.

Kipimo chenyewe ni cha werevu wa kijanja. Unaweka seli kwenye kisahani, unaziacha zinywe kromiamu yenye mionzi, kisha unaziambukiza kirusi. Juu yake unamwaga seli T za panya aliyekwisha kuugua kirusi hichohicho. Unasubiri saa kadhaa. Seli ikiuawa utando wake hutoboka na kromiamu huvujia kwenye majimaji. Unachota majimaji na kupima mionzi yake. Mionzi ikiwa mingi, mauaji yametokea.

Wakayapata mauaji, kama walivyotarajia. Kisha wakabadilisha panya. Seli zilizokuwa kwenye kisahani zilitokana na ukoo mmoja wa panya wa maabara, na sasa wakamwagia seli T za panya wa ukoo mwingine, ambao nao walikuwa wameugua kirusi kilekile na kinga yao ilikuwa imeamka barabara. Kromiamu ikabaki ndani. Wauaji waliokuwa na kila sababu ya kuua walizipita seli zilizojaa kirusi kana kwamba hawakuona kitu.

Maana yake ilikuwa kwamba muuaji hakitambui kirusi kikiwa peke yake. Anakitambua kikiwa kimeshikwa na molekuli ya kwao. Kwa binadamu molekuli hizo huitwa HLA, na kwa panya zina jina jingine. Hadi wakati huo molekuli hizi zilijulikana kwa ubaya tu, kwamba ndizo zinazosababisha figo au ngozi ya mtu mwingine ikataliwe. Kwa nini maumbile yahangaike kututengenezea kizuizi dhidi ya madaktari wa upasuaji, miaka mamilioni kabla ya madaktari wa upasuaji kuwapo? Makala fupi ya mwaka 1974 katika jarida la Nature ilitoa jibu, na mwaka 1996 wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel. Mwaka 1987 Pamela Bjorkman, Don Wiley na wenzao wa Harvard walichapisha picha ya molekuli moja ya HLA iliyopigwa kwa miale ya eksirei. Juu yake palikuwa na mfereji, na ndani ya mfereji mlikuwa na kitu ambacho wao hawakukiweka: mabaki ya vipande vya protini, vimekwama pale pale.

Kuna jambo jingine katika wale panya wa Canberra ambalo halisimuliwi sana. Kirusi cha LCMV hakiharibu seli za ubongo wa panya mkubwa. Panya aliyenyimwa seli T anaweza kuishi nacho bila dalili. Mwenye seli T timamu, akidungwa kirusi hicho kichwani, hufa. Kinachomuua ni wauaji wake mwenyewe, wakifanya kazi yao vizuri.

Ndiyo maana wauaji, kabla ya kuachiwa kuzunguka mwilini, hupitishwa kwenye tezi ya thaimasi, iliyoko nyuma ya mfupa wa kidari, juu kidogo ya moyo. Jacques Miller alionyesha mjini London mwaka 1961 kwamba panya aliyeondolewa tezi hiyo mara tu baada ya kuzaliwa hukua bila kinga ya maana. Kabla ya hapo ilidhaniwa ni kipande cha nyama kisicho na kazi. Humo kila seli T changa hutengeneza kipokezi chake kwa kuchanganya jeni kwa bahati nasibu, kisha hupimwa. Isiyoweza kuishika HLA ya kwao kabisa hufa. Inayoishika kwa nguvu mno, ikiwa na vipande vya kawaida vya mwili, hufa pia. Zaidi ya tisa kati ya kila kumi hazitoki.

Zinazotoka ni za aina nyingi mno, na kwa kipande kimoja cha kirusi kimoja anaweza kufaa muuaji mmoja kati ya laki moja au zaidi. Huyo akikutana na kipande chake ndani ya tezi ya limfu hujigawa kila baada ya saa chache, na ndani ya wiki moja wajukuu zake ni maelfu kwa maelfu. Mitoki inayotutoka shingoni au kwapani tunapougua ni ishara ya msongamano huo.

Sasa tuingie kwenye mauaji yenyewe. Gillian Griffiths na wenzake wa Cambridge wameyapiga filamu, na kwa mtu aliyezoea michoro ya vitabuni ni kitu cha ajabu kukitazama. Muuaji ana upana wa maikromita 10 hivi. Hatembei kwa staha: huparamia, hujinyoosha, hupapasa seli moja, akaiacha, akapapasa nyingine. Akigusa yenye kipande chake husimama na kujibandika. Ndani ya dakika chache kila kitu ndani yake hugeuka. Nyuzi za aktini, zinazoupa ukingo wa seli umbo, hujiondoa katikati ya mahali pa mguso na kubaki pete pembeni. Sentrosomu, kitovu ambacho reli zote za ndani ya seli hutokea, husafiri kutoka nyuma ya kiini hadi kugusa utando pale pale panapogusana na seli inayohukumiwa. Kupitia reli hizo vifuko vya sumu huja vikikusanyika, kisha hufunguka kwenye mwanya mwembamba ulioko kati ya seli hizo mbili, na si kwingineko.

Ndani ya vifuko mna vitu viwili vya kutajwa. Cha kwanza ni perforini. Kifukoni, penye asidi nyingi na kalsiamu kidogo, hulala bila madhara. Kwenye mwanya hukutana na kalsiamu, hujishikiza kwenye utando wa seli ya pili na molekuli zake hujipanga duara, ishirini hivi kwa pamoja, zikatoboa tundu lenye upana wa nanomita 16 hivi. Cha pili ni granzaimu, vimeng'enya vya kukata protini, ambavyo hupita kwenye tundu hilo bila kubanwa. Watafiti wa Melbourne waliweka kwenye majimaji rangi nyekundu ambayo seli nzima haiipitishi. Waliona seli iliyoguswa ikimulika wekundu hafifu mahali palipotobolewa, kisha wekundu ukakoma kuongezeka. Seli ilikuwa imejiziba. Ndani ya dakika moja hivi ilikuwa imekwisha kurekebisha utando wake, ila granzaimu zilikuwa zimeshaingia.

Ninalolipenda katika hatua hii ni kwamba muuaji hafanyi mengi zaidi. Granzaimu B hukata na kuamsha vimeng'enya vya seli yenyewe, kaspasi, vilivyokuwa vimelala humo tangu seli izaliwe. Kaspasi huanza kubomoa nguzo za ndani, DNA hukatwa vipande, utando hutoka malengelenge, seli hunywea na kujifungasha vifurushi, na seli walaji wa jirani huvimeza. Seli iliyokuwa ikizalisha virusi hufa kabla ya kuvimwaga nje. Na muuaji? Ameshajibandua, anapapasa seli nyingine.

Mbona yeye hafi, ilhali sumu imemwagwa kati yao na utando wake uko hapo hapo? Swali hili liliwasumbua watu kwa miongo mitatu. Jibu lililotolewa Melbourne mwaka 2019 liko kwenye mafuta ya utando. Upande unaotazama mwanya, mafuta ya utando wa muuaji yamejipanga kwa kubanana sana, na perforini hukosa pa kujishikiza. Ile inayofaulu kushika hukutana na mafuta mengine yenye chaji hasi, yanayoing'ang'ania na kuiacha mafungu yasiyoweza kutoboa kitu.

Vitabu vya shule humchora muuaji huyu kama fundi wa pigo moja. Mwilini mambo ni ya taratibu zaidi. Watafiti wa Ujerumani waliohesabu mauaji ndani ya panya hai mwenye kirusi, mwaka 2016, walipata kwamba muuaji mmoja huangusha seli 2 hadi 16 kwa siku, na kwamba mara nyingi seli moja hufa baada ya kushambuliwa na wauaji kadhaa kwa zamu. Ushindi unatokana na wingi wao.

Kuna watoto wanaozaliwa na jeni mbovu ya perforini. Ugonjwa wao ulihusishwa na jeni hiyo mwaka 1999. Mtu angetarajia kwamba tatizo lao ni virusi kuzagaa tu. Badala yake huwaka homa isiyoshuka, bandama na ini huvimba, na seli walaji waliopagawa hula hata chembe za damu. Sababu yake ni kwamba muuaji asiyeweza kuua haondoki. Hubaki amejibandika kwenye seli ileile karibu mara tano ya muda wa kawaida, na muda wote huo anamwaga kemikali za kuita msaada. Kifo cha seli ndicho kinachomfungua, na hapa kifo hakiji. Tiba ya kudumu ni kupandikizwa uboho wa mtu mwingine.

Homa ya ini ya aina B huonyesha upande wa pili wa hesabu. Kirusi chake chenyewe hakiui seli za ini. Mtoto anayeambukizwa na mama yake wakati wa kuzaliwa kwa kawaida hapati manjano wala maumivu. Kinga yake hukivumilia, na takriban watoto tisa kati ya kumi wa namna hiyo hubaki nacho kwa miaka mingi, wengine hadi ini linakuwa na makovu au saratani. Mtu mzima akiambukizwa anaweza kugeuka macho ya njano na kulala kitandani wiki kadhaa, na zaidi ya tisa kati ya kumi hupona kabisa. Ule umanjano ni wauaji kazini. Lakini ikiwa seli nyingi za ini zimeingiliwa, kuziua zote ni kumuua mgonjwa. Francis Chisari na wenzake wa California walionyesha miaka ya 1990 kwamba wauaji wana njia nyingine: hutoa kemikali, interferoni gama mojawapo, zinazoifanya seli iliyoambukizwa isafishe sehemu kubwa ya kirusi ndani yake na kuendelea kuishi. Seli nyingi za ini huokolewa hivyo. Kwa aliyepewa jina la muuaji, hii ni sifa ambayo jina limeifunika.

Na kwa kuwa hasara ya kukosea ni kubwa, muuaji amefungiwa breki. Akishafanya kazi muda mrefu hutoa juu ya utando wake molekuli kama PD-1 na CTLA-4, na zikiguswa hupoa. Saratani nyingi hujifunza kuzigusa. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walipata Nobel ya 2018 kwa kuonyesha kwamba breki hizo zinaweza kuzibwa kwa dawa. Aliyekuwa rais wa Marekani, Jimmy Carter, alitibiwa kwa dawa ya aina hiyo mwaka 2015 saratani yake ya ngozi ilipokuwa imefika kwenye ini na ubongo, akaishi hadi miaka 100. Wagonjwa wengine hupata madhara yanayosema wazi breki zile zilikuwa za nini: utumbo kuvimba, tezi ya shingo kuharibika, ngozi kuwasha na kubabuka.

Lakini kutoa breki hakusaidii ikiwa muuaji hana cha kuona. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe pande zote mbili za taya, juu na chini. Baada ya kufuatilia wengine aligundua kwamba saratani hiyo hufuata ukanda wenye joto na mvua, ukanda uleule wa malaria. Vipande vya uvimbe vilisafirishwa hadi London, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong wakaona ndani ya seli zake kirusi kipya, ambacho leo kinaitwa Epstein-Barr.

Watu wazima wengi duniani wanacho, wewe na mimi pengine tukiwamo. Kimejificha ndani ya seli B, aina nyingine ya chembe nyeupe, na kila kinapothubutu kutengeneza protini zake zote wauaji hukirudisha kimya. Mgonjwa aliyepandikizwa figo na kupewa dawa za kushusha kinga hupoteza ulinzi huo, na wakati mwingine seli B zenye kirusi humfumukia kuwa saratani. Saratani hiyo huonyesha protini nyingi za kirusi kwenye utando wake, kwa hiyo inatibika kwa wauaji walioandaliwa nje ya mwili wakarudishwa. Desemba 2022 Ulaya iliruhusu tiba ya namna hiyo inayotumia wauaji wa mtu mwingine, waliochaguliwa kwa kufanana HLA na mgonjwa.

Saratani ya Burkitt ina kirusi kilekile na haionekani. Seli zake huzima karibu protini zote za kirusi na kubakiza moja, EBNA1, ambayo kirusi hakiwezi kuiacha kwa sababu ndiyo inayokihifadhi seli zinapojigawa. Katikati ya protini hiyo kuna mnyororo mrefu unaorudia asidi amino mbili tu, glisini na alanini, na katika miaka ya 1990 ilionyeshwa kwamba mnyororo huo huizuia protiasomu isiikate. Isipokatwa, ni vipande vyake vichache mno vinavyofika kwenye HLA. Isitoshe, seli hizo hupunguza hata mitambo ya kuonyesha. Malaria huongeza yake: watoto wa Kisumu wa miaka 5 hadi 9, wanaoumwa malaria mara kwa mara, walipopimwa walikutwa na mwitikio hafifu wa seli T dhidi ya Epstein-Barr kuliko wenzao wa nyanda za juu za Nandi, ambako malaria ni chache.

Kwa mtoto wa kando ya Ziwa Viktoria anayefikishwa hospitali akiwa na taya lililovimba, wauaji wa kuletwa kwenye chupa kutoka Ulaya karibu hawana cha kushika. Hutibiwa kwa dawa za saratani, siklofosfamaidi ikiwa miongoni mwake, dawa ambayo Burkitt alikuwa tayari akiijaribu Mulago mwanzoni mwa miaka ya 1960. Dawa hiyo hushambulia DNA ya kila seli inayojigawa haraka, kwa hiyo nywele za mtoto hunyonyoka, na haijali kilichoonyeshwa kwenye utando.